Masale Juu ya Tuta la Reli

Huku kwetu ukistaafu ualimu hupumziki, unageuzwa katibu. Nimekuwa katibu wa kwaya, katibu wa kikundi cha kuku, katibu wa mazishi ya watu ambao hata hawajaanza kuumwa, na mwisho nikawa katibu wa kamati ya njia ya tuta. Hicho cheo cha mwisho nilipewa nikiwa nje ya kikao. Nilitoka kidogo kupokea simu, niliporudi nikakuta watu wananipigia makofi, nami kwa ujinga wangu nikatabasamu.

Tuta lenyewe ni la reli ya zamani, ile ndogo iliyochepuka kutoka reli kubwa chini ya mji wa Moshi na kupanda taratibu hadi kwenye kinu cha kahawa, ambacho nacho siku hizi ni kuta na popo. Treni yake sikuwahi kuiona. Reli zenyewe ninazifahamu, ila si pale zilipolazwa. Kengele ya shule niliyosoma, na ambako baadaye nilifundisha, ni kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Lango la jirani yetu limeshikiliwa na vipande viwili. Mataruma, yale magogo yaliyobeba reli, yalihamia kwenye kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, yakawa mabenchi, na sidhani kama kuna abiria wa treni aliyewahi kusafiri mbali kama wanaoyakalia Jumamosi jioni. Mtu akiuliza reli yetu ilikwenda wapi, jibu ni kwamba haikwenda popote. Tuligawana.

Kilichobaki ni tuta, na tuta halibebeki. Ndilo pahali pekee pa tambarare katika kijiji kizima. Sisi watu wa mteremko hatujazoeana na baiskeli: ukishuka nayo unafika chini roho iko mkononi, na ukipanda nayo ni wewe unayeibeba. Lakini treni haipendi mlima. Walioijenga ile reli waliuzunguka kila mwinuko kwa upole, wakaziba kila bonde, mpaka mtu anaweza kutoka mtoni kule chini hadi kwenye kinu akiwa bado anaongea. Ndipo likaja wazo la kulisafisha tuta liwe njia ya miguu na baiskeli. Watoto wapite humo kwenda shule badala ya kukwepa malori kwenye lami, kina mama wapitishe ndizi zao kwenda sokoni, na wageni wenye kofia ngumu kichwani, wale wanaolipia jasho lao wenyewe, waje watoe jasho hapa kwetu. Wenye ardhi ya reli walituruhusu, mradi tusijenge kitu juu yake.

Siku ya mkutano wa kijiji mzee mmoja alisimama akaniuliza, "Mwalimu, yaani tumeitwa hapa kuunda kamati ya kutembea? Mimi natembea tangu nina mwaka mmoja, na sikuwahi kuhitaji katibu." Watu walicheka hadi mwenyekiti akafuta miwani. Lakini wiki iliyofuata, msaragambo wa kwanza, ile kazi ya pamoja ya kijiji, ulipoitishwa, yule mzee ndiye aliyetangulia na panga, na ndiye aliyelalamika kuliko wote kwamba wengine wamechelewa.

Mtaalamu wetu alikuwa fundi baiskeli kutoka mjini. Ni Mwislamu wa Moshi hasa, mwenye babu mmoja aliyekuja na reli kutoka Tabora, babu mwingine wa Tanga, na bibi Mpare. Anajua kila baiskeli kwa sauti yake. Alijitolea kuja kutuonyesha wapi pa kuweka kona na wapi pa kuziba mashimo, kwa sababu, alisema, amechoka kunyoosha magurudumu ya watu wanaogongwa na bodaboda barabarani. Mbege hanywi, kwa hiyo kila tulipopumzika kilabuni yeye alikaa kwenye taruma lake na soda, akitutazama kwa huruma. Ni mtu mwema sana. Kitu kimoja tu hakukijua, na kwa sababu sisi sote tumekijua tangu tumboni, hakuna aliyefikiri kumwambia.

Tulisafisha kuanzia mtoni kwenda juu, kila mwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, kinachopakana na tuta akishika kipande chake. Kazi ilikwenda vizuri hadi ilipofika pale ambapo nilijua itakwama, yaani nyumbani kwetu.

Upande wa chini wa tuta anakaa mama yangu. Upande wa juu anakaa shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Juu ya tuta, katikati yao, lilikuwepo banda la ng'ombe la mama lililoingia nusu ya njia, na ng'ambo yake rundo la samadi la shangazi lililoingia nusu nyingine. Vitu hivyo havikufika hapo kwa bahati mbaya. Vilikuwa vikitazamana. Kamati ilipokwenda kwa mama, alisema, "Banda nitalisogeza akisogeza mavi yake." Ilipopanda kwa shangazi, alisema atasogeza samadi siku banda likiondoka, hata dakika moja kabla hapana.

Chanzo cha ugomvi wao kilikuwa mbwa. Krismasi moja tulichinja, kama inavyopasa watoto wote wakirudi nyumbani, na mama akatenga fungu la shangazi kwenye jani la mgomba. Huku kwetu nyama haigawiwi ovyo. Kila mtu ana fungu lake kulingana na alivyo kwa mwenye nyumba, na kumpa mtu fungu lisilo lake ni kumwambia kwamba umesahau yeye ni nani. Mama aligeuka kuongeza kuni, mbwa akalibeba fungu lote pamoja na jani. Kwa aibu mama hakusema. Alikata nyama nyingine, nzuri tu, yenye mafuta yake, akaituma. Shangazi aliifunua, akaitazama, akaifunika, akairudisha. Mama alipoeleza habari ya mbwa alikuwa ameshachelewa, na ilisikika kama uongo wa mtoto wa darasa la pili. "Nimwombe msamaha kwa kosa la mbwa?" mama alikuwa akisema. Na shangazi naye: "Mbwa hana mwenyewe?"

Mbwa yule alizeeka akafa kifo chake, tukafuga mwingine. Ugomvi ukabaki na afya njema.

Watu waliuona ni mchezo, na mimi pia hucheka nikiusimulia, lakini uliniumiza. Shangazi ndiye aliyenifundisha kukamua. Ndiye aliyenipeleka shule siku ya kwanza, kwa sababu mama alikuwa amejifungua mdogo wangu. Tangu Krismasi ile sikuweza kuvuka lile tuta mama akiniona. Nilikuwa nashuka hadi mtoni, nazunguka, napandia kwenye migomba ya watu hadi jikoni kwa shangazi. Mtu mzima na pensheni yangu, nanyemelea kama mwizi wa ndizi! Mvua za mwaka jana shangazi aliugua kifua, nami nikazisikia habari hizo sokoni. Asubuhi zote hizo mama alikuwa anasimama nyuma ya banda, akisingizia kutafuta yai, anatazama kama jiko la wifi yake limewashwa. Akiona moshi anaingia ndani. Nilijua kwamba mmoja wao akifa hivi, aliyebaki hatamaliza mwaka, na mimi nitakuwa nimezika wawili kwa ajili ya fungu la nyama.

Basi kamati ikaamua ipigilie kwanza vigingi vya kuonyesha njia kuanzia mtoni hadi kwenye kinu, kipande chetu kikiwemo, labda aibu ya kuona njia imekatika kwao ingewasogeza wazee hawa. Vigingi tulivipaka chokaa na kuviandika namba. Kila kigingi kilitakiwa kifungwe utepe mwekundu juu ili mwendesha baiskeli akione kwa mbali. Kazi hiyo tulimpa fundi, Jumamosi ambayo kijiji kizima kilikuwa kimekwenda harusini Mwika.

Jumapili alfajiri mama aliingia jikoni kutoka kukamua. Ndoo ya maziwa ilikuwa mkono mmoja, na mkono wa pili alishika isale lililofungwa fundo.

Mgeni wa huku huenda akaliona isale ni jani tu, refu na gumu, la mmea tunaopanda kwenye mipaka. Kwetu ndilo neno la mwisho. Aliyekukosea akikuletea isale lililofungwa fundo, anakuomba msamaha, na isale halikataliwi. Hata kama alikuchomea nyumba, utakaa chini umsikilize. Nimeona wanaume walioapa kutozikana wakilainishwa na jani moja.

"Ameleta," mama alisema. Aliliweka isale mezani juu ya kitabu cha nyimbo, akaenda kuoga.

Mimi nilibaki na mwiko hewani. Shangazi aombe msamaha? Shangazi yupi? Nilitoka nje kwenda kutazama, na pale nyuma ya banda nikaona kigingi cheupe, namba yake inang'aa, hakina utepe. Hatua chache mbele, kigingi cha pili, hiki kimefungwa isale. Nikapandisha macho kulifuata tuta, nikaona vigingi kwa safu hadi kwenye kona, kila kimoja na isale lake na fundo lake, mbele ya nyumba ya kila mtu.

Kijiji kizima kilikuwa kimeombwa msamaha!

Na kijiji kilikuwa kimeshaanza kusamehe. Mwenye lango la reli alikuwa ameshika jembe la jirani yake, jembe lililokaa kwake tangu uchaguzi uliopita, anampelekea huku akimwambia, "Hata mimi nina makosa yangu." Mke mmoja alikuwa amemkaanga mumewe mayai, na mume anakula kwa wasiwasi, hajui kilichosamehewa ni kipi kati ya vingi. Yule mzee wa kamati ya kutembea alinipita akiwa amevaa koti la ibada, akaniambia kwamba shemeji yake hatimaye amejirudi. Shemeji mwenyewe alikuwa anakuja kutoka upande wa pili, na uso wa ukarimu ule ule.

Fundi nilimkuta kwenye kona akitafuta nyundo aliyoisahau.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hayo majani ni nini?"

"Utepe uliniishia pale mtoni," alisema, akiwa ameridhika kabisa na kazi yake. "Nikaona haya majani kwenye nyua za watu, magumu, hayakauki upesi. Nikayakata machache, nikayapiga fundo yasipeperuke. Si yanaonekana vizuri?"

Nilimweleza kwa sentensi mbili. Alikaa chini kwenye kokoto. "Wallahi mwalimu, nimewaombea watu msamaha wa nini?"

Sikuwa na muda wa kumjibu. Nyuma yetu mama alikuwa ametoka kwenye banda, kitenge cha Pasaka mwilini, isale mkononi. Na upande wa juu, akiizunguka samadi yake kwa mkongojo, alikuwa anakuja shangazi, amevaa kitenge chake cha siku ya ubarikio wa mjukuu kanisani, isale mkononi vilevile.

Nimesimama mbele ya wakaguzi wa shule maisha yangu yote na sijawahi kuogopa kama pale. Kila mmoja alikuwa anakuja kupokea msamaha ambao mwenzake hakuuomba. Wakigundua, nilifikiri, banda litaota ghorofa na samadi itafika mawinguni, na mimi nitazunguka mtoni hadi nife.

Walisimama, tuta likiwa katikati yao.

"Wifi," mama alisema.

"Wifi," shangazi alijibu.

"Nimelipokea."

"Hata mimi nimelipokea."

Kwa desturi aliyeleta isale ndiye huanza kueleza kosa lake, na hapo kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake kwa adabu zote. Ng'ombe alicheua. Kengele ya kwanza ya kanisani ililia. Fundi, kwa kuwa ni mtu mwema, aliona ni wajibu wake kuokoa hali.

"Mama zangu, shikamooni. Kuhusu hayo majani, ni mimi ndi..."

Nilimkanyaga. Alikuwa amevaa ndala na mimi nilikuwa na viatu vya kanisani, vyenye kisigino. Alimeza maneno, machozi yakamtoka, na shangazi akamtazama akadhani kijana wa watu ameguswa na upatanisho.

Kisha mama, akitazama pembeni, akasema, "Yule mbwa alikufa."

"Nilisikia," shangazi akasema. Kisha akaongeza, "Pole."

"Asante. Alikufa na shibe ya fungu lako."

"Kumbe alikula kweli?"

"Hata jani hakubakiza."

Shangazi alianza kucheka kwanza kwa mabega, kama anavyocheka siku zote. Kicheko kikashuka kikampata kifuani, akakohoa, na mama akapanda tuta haraka kuliko nilivyomwona akitembea miaka hii, akampiga mgongoni taratibu. Hakuuondoa ule mkono. Mimi niligeuka nikajifanya natafuta nyundo, kwa sababu katibu hatakiwi kulia mbele ya fundi.

Ibada hawakwenda. Walikaa jikoni kwa shangazi wakapika machalari, zile ndizi zetu za nyama, na nilipoitwa kula nilipita juu ya tuta, mchana kweupe, bila kuangalia nyuma.

Siku zilizofuata waligombana tena, safari hii nani aondoe chake kwanza. Mama alitaka banda livunjwe asubuhi hiyo hiyo. Shangazi alituma watu wabebe samadi, tena akamgawia mama nusu kwa ajili ya migomba yake. Njia ikapita. Asubuhi hupita watoto wa shule wakikimbizana, wanafuata kina mama na ndizi, kisha wageni na kofia zao, ambao hutusalimia "Jambo!" kwa nguvu kana kwamba tuko mbali. Fundi alinifundisha hata mimi baiskeli. Nilianguka mara nyingi, kwa heshima, na siku nilipofika kwenye kinu bila kushuka niliwapungia mikono popo.

Siri ya masale niliificha vizuri, nilidhani. Siku moja tukipukuchua maharage, shangazi akaniambia bila kuinua macho, "Isale la msamaha huletwa na mtu, mwalimu. Halifungwi kwenye mti wenye namba." Nikaacha maharage. "Nilijua tangu nilipoliona. Lakini nilimwona mama yako amevaa kitenge cha Pasaka. Nikasema, Ruwa, Mungu wangu, kama ameamini, mimi nani nimharibie? Usimwambie. Anafurahi kwamba nilimwomba."

Niliahidi. Nilikwenda nyumbani nikiwaza juu ya mwenye jembe, na mke wa mayai, na wale mashemeji wawili. Nikaanza kushuku kwamba asubuhi ile mjinga alikuwa katibu peke yake.

Krismasi ilipofika tulichinja. Mama alitenga fungu la shangazi yeye mwenyewe, lile lenyewe, akalilaza kwenye jani la mgomba, akalifunika na jani la pili. Nilinyoosha mikono nilipeleke. Alikataa. Tulitoka pamoja, yeye mbele na sinia lake, mimi nyuma, na tulipofika juu ya tuta tulisimama kuwapisha vijana wa baiskeli waliokuwa wanapiga kengele.

"Vile vigingi vyenu," mama alisema, akiwatazama wakipita, "chokaa yake ilinichafua mikono siku ile. Nilinawa mara mbili."

Nilimtazama. "Mama, kumbe ulijua?"

"Mimi nimezaliwa na masale, wewe."

"Sasa kwa nini ulikwenda?"

Alilihamisha sinia kwenye mkono mwingine. "Nilitaka kwenda tangu yule mbwa yuko hai," alisema. "Na shangazi yako usimwambie. Anafurahi kwamba nilimwomba."

Nikasema sitamwambia. Ng'ambo, shangazi alikuwa ameshatoka hadi pale ilipokuwa samadi yake, amevaa kitenge kipya, mkono juu ya macho kuzuia jua.

"Mbwa mmemfunga?" alipaza sauti.

"Tumemfunga, wifi!" mama akajibu, akaanza kuvuka. "Njoo upokee."